Jirani Aliye Chini

Tarehe 16 Mei 1977, helikopta ya abiria ilikuwa imetua juu ya paa la jengo la Pan Am, katikati ya jiji la New York. Watu walikuwa wanapanda huku mapanga yake yakiendelea kuzunguka. Mguu wake mmoja, ambao chuma chake kilikuwa kimeingia ufa, ukavunjika. Helikopta ikalala ubavu na panga likaua watu wanne. Kipande cha panga hilo kikaporomoka hadi barabarani, ghorofa 59 chini, kikamuua mwanamke mpita njia.

Yeye hakuwa na safari yoyote angani.

Kila zinapotajwa ndege za wafanyabiashara zitakazopaa na kutua wima, bila kuhitaji njia ndefu ya kurukia, huulizwa kama zinawezekana. Wahandisi hujibu kwa hesabu ya uzito na nguvu, wenye mitaji kwa hesabu ya bei. Mwanamke yule hayumo katika hesabu hizo, na bila yeye jibu lolote lina kasoro.

Ufundi wenyewe unatuelekeza kwake. Chombo kinachotaka kusimama hewani lazima kisukume hewa kuelekea chini. Helikopta ina mapanga marefu, hivyo husukuma hewa nyingi taratibu. Ukitaka ndege yenye umbo la kwenda kasi, mapanga hayo hayana pa kukaa. Utapuliza hewa kidogo kwa kasi kubwa, na hapo nguvu inayohitajika huongezeka pamoja na ngurumo. Dornier Do 31 ya Ujerumani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1967, ilikuwa na injini 10, na nane kati yake zilikuwa za kuinulia tu. Zikimaliza kazi yao ya muda mfupi, zilibaki mzigo safari nzima. Mradi ulisimamishwa mwaka 1970.

Kampuni ya Lilium, ya Ujerumani vilevile, ilichagua umeme na feni 30 ndogo. Lakini kwa uzito uleule, mafuta ya ndege yana nishati zaidi ya mara 30 ya betri, na kupaa wima ndiko kunakoimaliza betri upesi. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Ndege iitwayo AW609, yenye mapanga yanayogeuka kutoka juu kwenda mbele, iliruka mwaka 2003. Mwaka 2015 moja ilianguka Italia na kuua marubani wake wawili, na miaka 20 ilipita bila aina hiyo kupata cheti cha kubeba abiria.

Kwa hiyo gharama ya mwenye ndege na kero ya jirani zina chanzo kimoja. Hewa inayombeba tajiri lazima imshukie mtu.

Je, mtu huyo ana haki gani? Thomas Causby alikuwa mfugaji wa kuku huko North Carolina. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za jeshi zilipita mita 25 tu juu ya shamba lake. Kuku walijirusha ukutani kwa hofu; wapatao 150 walikufa, na familia ikakosa usingizi. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kanuni ya kale kwamba mwenye ardhi anamiliki kila kilicho juu yake hadi mbinguni. Lakini ilisema hewa ya karibu, ile anayoihitaji ili ardhi yake imfae, ni yake, na serikali ilikuwa imemnyang'anya. Tafakari uzito wa uamuzi huo: haja ya taifa lililo vitani haikufuta haki ya mfuga kuku. Dakika 40 alizookoa mkurugenzi kwa kukwepa foleni zitaifutaje?

Yupo atakayejibu kwamba magari nayo huua wapita njia, na hatujayakataza. Ni kweli, ila anayevuka barabara leo, kesho hupanda basi barabara ileile. Hatari na faida huzunguka kati ya watu walewale. Kwa ndege ya watu wachache wenye uwezo, faida iko juu na hatari iko chini, na wawili hao hawabadilishani nafasi.

Paris ilionja mvutano huo mwaka 2024. Kampuni ya Volocopter ilitaka kurusha teksi za angani wakati wa Olimpiki, kila moja ikibeba abiria mmoja na rubani. Baraza la jiji lilipinga. Hakuna abiria wa kulipa aliyeruka. Kilichofanyika ni safari ya majaribio huko Versailles.

Wapo wanaomfikiria jirani tangu mchoro wa kwanza. Joby ya Marekani imeipa ndege yake mapanga sita makubwa ambayo ncha zake huenda polepole kuliko za helikopta ili kelele ipungue, na inabeba abiria wanne. Juhudi hiyo inastahili heshima. Lakini watu wa mtaa ambao kituo kitajengwa juu ya vichwa vyao wanapaswa kuulizwa mapema, wakiwa na uwezo wa kukataa.

Jengo la Pan Am sasa linaitwa MetLife. Tangu ajali ile ya 1977, paa lake halijafunguliwa tena kwa helikopta za abiria.