Zawadi ya Wote na Wajibu wa Kuipima

Mtu anapoitolea jamii kazi yake bila malipo, je, ana haki ya kuudhika jamii ikiipima kabla ya kuipokea? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna suala zima la ushirika wa binadamu.

Tutwae mfano wa Goweko, kituo cha Reli ya Kati karibu na Tabora, katika nchi ya miyombo na asali. Tuseme wafugaji nyuki wameafikiana kukusanya asali yao katika pipa moja. Kila mmoja aleta kibuyu chake. Mwenye busara hamimini kabla asali haijaonjwa, maana kibuyu kimoja kilichotiwa maji chatosha kuichachusha asali ya wote. Kuonjwa huko si tusi, bali ni kuyaheshimu majasho ya wenzi.

Mambo ni hayo hayo katika programu huria za kompyuta, ambazo maandishi yake huachwa wazi ili yeyote ayasome, ayatumie na kuyarekebisha. Mwaka 1991 Linus Torvalds, kijana wa Ufini, aliutangazia ulimwengu kiini cha Linux, ambacho tangu hapo kimejengwa na maelfu ya mikono. Karibu nasi, OpenMRS, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret, nchini Kenya. Anayetaka kuchangia kazi ya namna hii hunakili maandishi, hurekebisha kasoro, huyajaribu, kisha huyaleta pamoja na maelezo ya alichobadili na sababu yake. Walezi wa mradi husoma, huuliza, hurudisha au hupokea. Kila badiliko huwekwa katika kumbukumbu pamoja na jina na tarehe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako watakaosema kwamba atoaye bure asisumbuliwe kwa maswali. Lakini mgonjwa aliyelala kitandani hakuwapo katika mazungumzo yao, na kosa la mstari mmoja laweza kuipotosha kumbukumbu ya dawa zake. Ni nani atakayemsemea, ikiwa mpimaji ataona haya kumwuliza mtoaji?

Tena yatupasa kukumbuka mkasa wa XZ Utils, programu ndogo inayotegemewa na kompyuta nyingi duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja tu, aliyechoka. Mchangiaji aliyejiita Jia Tan alileta kazi njema kwa zaidi ya miaka miwili, huku sauti nyingine zikimshinikiza mlezi agawe madaraka. Alipoaminiwa, akapenyeza humo mlango wa siri. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua hila hiyo, kwa sababu tu hakuupuuza ucheleweshaji wa nusu sekunde hivi katika kompyuta yake.

Twajifunza nini? Si kwamba wageni wafukuzwe. Mradi unaomdharau mgeni hunyauka, na mpimaji anayekataa bila kutoa sababu hulinda cheo chake, halindi kazi. Wala kosa halikuwa la mlezi yule peke yake. Maelfu walikula matunda ya mti ambao hawakuunyweshea maji. Yeyote atumiaye mali ya wote bila kushiriki kuilinda ana sehemu yake katika hatari inayoifika.

Basi jibu letu ni hili: mtoaji ana haki ya kusikilizwa kwa adabu na kuelezwa sababu, lakini hana haki ya kuaminiwa bila kupimwa. Na wewe mwanafunzi, siku utakapoleta mchango wako wa kwanza ukarudishwa, usinune. Uonje tena mwenyewe, urekebishe, kisha uulete. Pipa ni letu sote.