Kwa Nini Mayahudi na Wakristo Hawapatani Juu ya Masihi?



Hapa Mwanza, kama pande zote za Ziwa Viktoria, Biblia husomwa kwa bidii. Ng'ambo ya ziwa, katika Uganda, Semei Kakungulu alikuwa Mkristo. Lakini kwa kuisoma Biblia hiyo hiyo, mwaka 1919 alijitahiri akashika dini ya Kiyahudi. Wafuasi wake, Abayudaya, wangali wapo karibu na Mbale. Kitabu kimoja chawezaje kuzaa imani mbili?

Mayahudi humngojea mfalme wa ukoo wa Daudi, ambaye katika siku zake vita vitakoma (Isaya 2:4). Tena Malaki 4:5 yaahidi kuja kwa Eliya, naye Eliya alipaa mbinguni (2 Wafalme 2:11). Wanafunzi walipomwuliza Nabii Isa a.s., alijibu kwamba Eliya amekwisha kuja, nao wakafahamu kuwa ni Yohana (Mathayo 17:10-13). Myahudi hushika maneno yalivyoandikwa. Mkristo hukubali kwamba Eliya alikuja kwa mfano, lakini Masihi humngojea ashuke mwenyewe mawinguni, ndipo amani itimie.

Basi, mpenzi msomaji, kipimo ni kimoja au viwili? Kabla ya kumlaumu Myahudi kwa kutazama mbinguni, jiulize: mimi natazama wapi?