Je, Kijana Asiyesikiliza ni Mvivu?

Hapa kwetu Kahama twasikia mara nyingi mzazi au mwalimu akimlaumu kijana, ya kwamba masikio anayo lakini hasikii. Akiulizwa somo, hushtuka kama aliyeamshwa usingizini. Basi huitwa mvivu, naye huadhibiwa. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Tuseme baba yake ni mchimbaji mdogo, hushuka duarani kutafuta dhahabu. Mwaka 2015 shimo la Nyangarata liliporomoka. Watu watano walitolewa hai baada ya siku 41, na mwenzao mmoja alifia humo. Kijana aijuaye habari hiyo hukaa darasani, lakini moyo wake umesimama penye mdomo wa shimo. Kila saa hujiuliza, itakuwaje baba asiporudi?

Wenye elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili. Michael Eysenck wa Uingereza na wenzake waliandika mwaka 2007 ya kuwa wasiwasi hutumia nguvu ile ile ya akili ishikayo maneno na hesabu. Nguvu hiyo ina kipimo chake kama kibuyu: kikiwa kimekwisha kujaa, maji utiayo juu humwagika. Naye Thomas Borkovec wa Marekani alifundisha ya kuwa wasiwasi ni maneno zaidi kuliko picha. Mtu hurudia maneno yale yale moyoni, na kwa hayo huikwepa picha imtishayo. Hupata nafuu kidogo. Lakini hofu haipungui, kwa sababu haikutazamwa.

Pengine mtu atasema, “Basi kila mvivu amepata udhuru!” Sivyo. Wavivu wapo, na mwenye wasiwasi pia hana budi kufanya kazi yake. Lakini mvivu akiachwa hufurahi. Mwenye wasiwasi husumbuka hata mchezoni, hata kitandani. Tusipouliza, tutawatofautishaje?

Wala haitoshi kumwambia, “Acha wasiwasi.” Ni kama kumwambia mwenye mzigo kichwani asiuone uzito, bila kumtua. Afadhali kuketi naye na kusema, “Mwanangu, unaogopa litatokea nini?” Kisha tunyamaze, aseme mpaka mwisho, hata akilia. Tena Borkovec na wenzake walijaribu mwaka 1983 njia nyepesi: mtu ajiwekee nusu saa kila siku, mahali pamoja, ya kuyawaza mambo yake, wasiwasi ukija saa nyingine, auahirishe mpaka saa ile. Na kijana akikosa usingizi au chakula siku nyingi, apelekwe kwa mganga hospitalini.

Kijana ana deni la bidii. Sisi tuna deni la kumsikiliza. Tukidai lake kabla ya kulipa letu, tumehukumu kabla ya kusikia shahidi. Basi kabla ya kuinua fimbo, tuulize kwanza.