Pumziko la Siku Kuu

Wengi wakisikia siku kuu hufikiria safari, nguo mpya na nyama. Wako pia wapendao kubaki nyumbani, nami ni mmoja wao. Hapa kwetu Kibaigwa, wilayani Kongwa, Nane Nane huangukia wakati mahindi yamekwisha kuvunwa na malori yanapakia magunia. Majirani wenye nauli hupanda basi kwenda kutazama maonyesho ya wakulima katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Mimi hutia jembe mpini, hukaza bawaba za mlango, huziba ufa wa ukuta kabla mvua za Desemba hazijaukuta.

Mtu aweza kuuliza: hayo ni mapumziko gani, nawe umeshinda na nyundo mkononi? Jibu langu ni kwamba kinachomchosha binadamu si kazi peke yake, bali na ile amri iliyo nyuma yake. Kazi ndogo ya nyumbani haina msimamizi wala mizani. Ukiichoka waiacha, ukiimaliza waiona kwa macho yako. Mlango uliokuwa ukilia sasa umenyamaza, na moyo nao hutulia.

Lakini hapa, ndugu msomaji, pana swali ambalo halifai kurukwa. Je, kazi hiyo inayonipumzisha mimi humpumzisha kila mtu?

Tukumbuke tarehe 9 Desemba 2015. Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za mwaka ule, akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kikiua watu. Yeye mwenyewe alitoka Ikulu akaokota taka mtaani, na picha zake zikaenea kila mahali. Lilikuwa jambo jema. Hata hivyo, yuko mama afagiaye soko kila alfajiri, na hakuna ampigaye picha. Ufagio ni ule ule. Kwa aushikaye mara moja ni sherehe. Kwa aushikaye kila siku ni mzigo.

Ndivyo ilivyo na nyumbani. Nikinoa panga siku ya Nane Nane nasema nimepumzika, kwa sababu nimebadili kazi. Mama watoto amebadili nini? Maji ni yale yale, jiko ni lile lile, tena siku kuu huongeza sufuria na wageni. Sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 yasema mfanyakazi akifanya kazi siku kuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Maana yake, taifa limekiri kwamba pumziko la mtu lina thamani, na anayelichukua hana budi kulilipia. Jikoni sheria hiyo haifiki.

Aristotle, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, alifundisha kwamba twafanya kazi ili tupate faragha, na kwamba katika faragha ndimo ulimo uzuri wa maisha. Neno zuri. Lakini faragha ya mabwana wa zama zile ilibebwa na watumwa, naye hakuona ubaya. Sisi tusioafiki utumwa tutajibu nini tukiulizwa faragha yetu imebebwa na nani? Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo naona siku kuu ya nyumbani ipimwe hivi: je, yule abebaye siku zote, leo ametua? Kama hakutua, nyumba ile haikupata siku kuu. Aliyeipata ni mtu mmoja. Dawa yake si ngumu. Kazi zibadilishane mikono. Baba achote maji na asonge ugali, mama akae kivulini au aende kumtembelea dada yake bila kuulizwa atarudi saa ngapi.

Wako watakaosema mila hairuhusu mwanamume kuingia jikoni. Basi watazame kando ya barabara kuu ya Dodoma. Vijana wa kiume hukaanga chipsi na kuchoma nyama mchana kutwa, wala hakuna awaambiaye wamevunja mila. Jiko likiwa la kulipwa mila husinzia. Likiwa la nyumbani, ndipo huamka.