Pancha Yako, Jua Letu

Ni nani mwenye haki ya kubahatisha? Swali hili wakubwa wa falsafa wamelizungusha kwa karne nyingi, lakini mimi, ndugu msomaji, naomba nilishushe hadi chini kabisa, pale mpira unapogusana na lami. Nazungumzia tairi la baiskeli ya resi. Usicheke, subiri kidogo.

Kuna tairi jembamba la milimita 23 au 25, jepesi, gramu mia mbili na kitu tu. Ukilipanda, baiskeli inakuitikia kabla hujamaliza kukanyaga pedali. Halafu kuna ndugu yake, jembamba vilevile, ila chini ya ngozi ana kinga: tabaka nene la mpira, au kitambaa cha nyuzi ngumu kama Kevlar, zile alizovumbua mkemia Stephanie Kwolek mwaka 1965 katika kampuni ya DuPont. Kipande cha chupa au kiwaya kilichochomoka kwenye tairi la lori hugota hapo kabla ya kuifikia tyubu. Lakini kinga nayo ina bei. Tairi linakuwa zito, mengine hupita gramu 500, tena linazunguka kwa uvivu. Bei hiyo unailipa kila siku, kwa kila mzunguko, ili kuepa pancha ambayo pengine isingetokea kabisa.

Basi vijana wengi husema: pancha ni yangu, shauri yangu. Hapo ndipo ninapobisha.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Wakali wa dunia walipanda mlima wa mawe wa Kimihurura, na nyuma yao yakafuata magari yenye magurudumu ya akiba. Mtu akipata pancha anainua mkono, fundi anaruka, gurudumu linabadilishwa, huyoo! Sasa kijana wa Kinondoni anaiga tairi la bingwa, lakini gari la nyuma hakuliiga. Gari lake ni nani? Ni sisi. Watu sita wametoka alfajiri kuelekea Bagamoyo, mmoja anapigwa pancha, wote wanasimama juani, na miongoni mwao yupo anayetakiwa kufungua duka saa mbili. Raha ya wepesi ilikuwa ya mmoja. (Waandishi chipukizi wenzangu, tunaoiga vurugu za wasanii wakubwa kabla hata ya kupata mchapishaji, hapa nasi tumeguswa, ila tuyaache.)

Zamani Tour de France ilidai kila mtu ajitegemee. Mwaka 1913 Eugène Christophe alivunjikiwa foki kwenye mlima Tourmalet. Akateremka kwa miguu na baiskeli yake hadi kwa mhunzi, akaiunga foki kwa mikono yake mwenyewe, na bado wakuu wakamwadhibu kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Ukatili mtupu! Lakini mtu anayejua kwamba hakuna wa kumsaidia huchagua vifaa kwa macho mengine.

Hata hivyo simtetei mwoga. Upepo ukipungua, tyubu hubanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo, ikatoboka matundu mawili kama iliyoumwa na nyoka. Hapo Kevlar haifui dafu, dawa ni pampu kila asubuhi. Na wembamba wenyewe umeshuka heshima: mabingwa waliokuwa wakipanda 23 wamehamia 28 na zaidi, maana kwenye barabara mbovu tairi pana kidogo, lisilojazwa hadi kugoma kama jiwe, halirukiruki. Fremu yako ikiruhusu, chukua 28 lenye kinga, na tyubu moja ya akiba mfukoni.

Ila kuna jambo linanisumbua. Yupo mtu aliyejikinga kote, hapati pancha mwaka mzima, na kwa sababu hiyo hasimami kwa ajili ya yeyote. Anamkuta mwenzake ameinama juu ya gurudumu, anasema "pole bwana," anapita. Hajamchelewesha mtu hata siku moja. Na yule bwana wepesi, kwa kero zake zote, anatembea na viraka na solusheni, anajua kuziba, na akikuona umekwama anashuka. Niambie, msomaji, kesho alfajiri utatoka na yupi?