Maumivu Yasiyo na Alama



Karibu kila mtaa una mtu wa namna hii, na mara nyingi ni msichana au mama kijana. Jumamosi ya kusafisha kanisa hakuja. Juma lililotangulia alionekana arusini akicheza, tena akicheza vizuri kuliko wenzake wote. Siku ya pili yake akasema hawezi kunyanyua ndoo. Amekwenda zahanati, kisha hospitali ya wilaya. Damu imepimwa, picha ya eksirei imepigwa, na majibu yakatoka kwamba hana kitu. Basi wenzake wameamua. Huyu ni mvivu, au anadeka, au ana lake jambo nyumbani analolificha.

Ningependa tulitazame swali lililomo humo, maana ni kubwa kuliko jambo la zamu ya ufagio. Je, ninao wajibu wa kumwamini mtu anayesema anaumwa, iwapo mimi sioni alama yoyote ya maumivu yake? Sisemi kumhurumia. Huruma tunaitoa upesi, hata kwa mtu tunayedhani anatudanganya. Nasema kumwamini, yaani kulichukua neno lake kuwa kweli na kupanga mambo yangu kwa kulifuata.

Kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe, kwa kuwa wengi wetu hatujausikia. Mifupa yetu imefungwa pamoja na kano, na kano hupata uimara wake kwa protini iitwayo kolajeni. Wako watu waliozaliwa na kano zinazovutika kupita kawaida. Viungo vyao hupinda mbali: kidole cha mwisho hurudi nyuma hata kikasimama wima, gumba hulazwa likagusa mkono chini ya kiwiko, viwiko na magoti huenda nyuma kupita mstari ulionyooka, na mtu huinama akaweka viganja vyake sakafuni bila kukunja magoti. Ukihesabu alama moja kwa kila kidole, gumba, kiwiko na goti, kulia na kushoto, na moja kwa kuinama, utapata 9. Hivyo ndivyo madaktari wapimavyo. Kwa kanuni zilizowekwa mwaka 2017 katika kuutafuta mmoja wa magonjwa haya, mtu mzima ambaye hajapita miaka 50 hutakiwa kuwa na alama 5 au zaidi.

Wapo wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu. Sivyo. Kipimo hicho huitwa kwa jina la Beighton, daktari aliyefanya kazi Afrika Kusini, na makala iliyokitangaza, ya mwaka 1973, iliandikwa baada ya yeye na wenzake kuwapima watu zaidi ya 1000 wa kabila la Watswana waishio shamba. Waliona kwamba wanawake huwa na viungo vyepesi kuliko wanaume, na kwamba wepesi huo hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Kwa hiyo kipimo kinachotumika leo London na Chicago kilitengenezwa kwa miili ya Waafrika.

Wengi wenye viungo vya namna hii hawaumwi hata kidogo. Ni wacheza ngoma hodari na wanasarakasi, na hawahitaji dawa wala makala hii. Lakini wengine huumwa sana. Kiungo kikiwa hakizuiliwi na kano, misuli ndiyo inayolazimika kukishika, mchana kutwa, hata mtu akiwa ameketi tu. Misuli huchoka. Kiungo huteguka kidogo leo na kidogo kesho, pengine hutoka mahali pake kabisa. Wengine hawahisi sawasawa kiungo chao kiko wapi, kwa hiyo hujikwaa na kuangusha vyombo. Na maumivu mara nyingi hayaji wakati wa kazi. Huja baadaye, usiku au asubuhi yake. Hapo ndipo tunapata maelezo ya yule dada wa arusini.

Baadhi ya watu hawa wana ugonjwa uitwao Ehlers-Danlos, kwa majina ya daktari wa Denmark aliyeuandika mwaka 1901 na wa Ufaransa aliyeuandika mwaka 1908. Mwaka 2017 wataalamu waliugawa katika aina 13. Ile iliyo ya kawaida kuliko zote, ambayo jambo lake kuu ni wepesi wa viungo, ndiyo ambayo chanzo chake katika jeni hakijapatikana. Haina kipimo cha damu. Eksirei inaweza kuwa safi kabisa. Daktari huutambua kwa kupinda viungo, kwa kuutazama mwili, na kwa kumsikiliza mgonjwa akieleza maisha yake. Wala zile alama 9 hazipimi maumivu. Zinapima kupinda tu. Hata katika hospitali kubwa ya dunia, mwisho wa vipimo vyote, daktari hubaki na neno la mgonjwa.

Tuangalie basi mtu huyu yumo katika hali gani mbele ya wenzake. Aliyevunjika mguu ana gongo la kumshuhudia. Mwenye homa ana joto. Yakobo alipoteguka uvungu wa paja kule Penueli alichechemea, na kila aliyekutana naye njiani aliona. Mwenye viungo vyepesi ana shida ya pekee: mwili wake unatoa ushahidi dhidi yake. Anapinda kuliko sisi, kwa hiyo twasema yu mzima kuliko sisi. Leo amebeba maji, kwa hiyo twasema hata kesho anaweza. Mtoto wa namna hii shuleni huandika vibaya kwa sababu vidole vyake hurudi nyuma akishika kalamu, na huadhibiwa kwa uzembe. Wakati wa mapumziko watoto wale wale humshangilia akipinda mikono kama mpira.

Na Kiswahili chetu nacho kinamwonea. Tukisema viungo vyake vimelegea, tumesema kweli ya daktari. Lakini mlegevu katika mazungumzo yetu ni mtu asiyependa kazi. Jina la ugonjwa limekwisha kuwa tusi kabla mgonjwa hajafungua kinywa. Ndiyo sababu nimependelea kusema viungo vyepesi, ingawa si neno kamili.

Sasa lile swali. Wako watakaojibu kwa methali ya wazee, kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Ni kweli, lakini nimeona methali hii ikitumiwa kama mlango wa kutokea. Mtu huitamka, hutikisa kichwa, akaenda zake, kana kwamba kwa kuwa hawezi kujua, basi halimhusu. Mimi naona inatupeleka upande mwingine. Ikiwa aijuaye ni mmoja tu, basi shahidi ni mmoja tu, na tukimkataa huyo hatuna wa kumwuliza. Mambo mengine hatuyafanyi hivyo. Mtu akisimama kanisani akasema ametubu, hatumpigi eksirei. Akisema ana furaha kwa kuzaliwa mjukuu, hatutaki cheti. Mbona maumivu peke yake ndiyo tunayoyadai hati?

Mfano ulio karibu zaidi na jambo hili naupata kwa Hana, katika kitabu cha kwanza cha Samweli. Alikuwa akiomba kule Shilo, midomo ikitikisika na sauti isisikike. Eli kuhani, ameketi penye mwimo wa mlango, alimtazama kinywa. Alichokiona alikiona kweli: mwanamke, baada ya watu kula na kunywa, midomo inacheza bila sauti. Akahukumu kwamba amelewa, akamkaripia. Wala Eli hakuwa mtu mbaya; aliangalia ushahidi uliokuwapo, akatoa hukumu ambayo wengi wetu tungeitoa. Hana akajibu kwamba hakunywa, ila ana uchungu rohoni. Ni hayo tu. Hakuleta shahidi, hakuonyesha chochote. Na Eli, mzee, kuhani, mbele ya mwanamke aliyekwisha kumtuhumu, aliliacha neno lake la kwanza akamwambia aende kwa amani, akamwombea Mungu ampe haja yake. Mara nyingi tunahubiri imani ya Hana. Mimi hustaajabia pia jinsi mzee huyu alivyoamini upesi, bila kupata habari yoyote mpya isipokuwa neno la mwenye uchungu.

Inashangaza kidogo kwamba wataalamu wa dunia nao wamefika hapo. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu kilitoa maana ya neno maumivu mwaka 1979, na kilipoisahihisha mwaka 2020 kiliongeza maelezo kwamba mtu akieleza kuwa anaumwa, maelezo yake yaheshimiwe.

Mtasema: na waongo je? Wapo. Kuna mtu huumwa mgongo kila siku ya jembe na kupona siku ya mavuno. Sitakataa. Lakini tupime hasara mbili. Nikimwamini mwongo, nimebeba ndoo isiyokuwa yangu. Nikimkataa mkweli, nimemwongezea mgonjwa upweke. Na baada ya kukataliwa mara nyingi yeye mwenyewe huanza kujitilia shaka, akanyanyua asichopaswa kunyanyua ili tu asisemwe, na bega likatoka. Hasara ya kwanza hulipwa kwa jasho jioni moja. Ya pili siwezi kuilipa. Tena mwongo hujulikana kwa mwendo wa muda, wala haihitaji kila mgonjwa atiwe kizimbani ili apatikane yeye.

Hata hivyo sitaki kulifanya jambo liwe rahisi. Kazi haitoweki kwa sababu mtu mmoja anaumwa. Nyumbani kwa wake wa ndugu watatu, mmoja asipotwanga, wawili hutwanga zaidi. Wao nao wana migongo. Ukimwambia mmoja wao, dada, mwamini mwenzio, unamwambia pia abebe mzigo ambao hakuuomba, labda kwa miaka mingi, na hakuna atakayemwandikia cheti cha uchovu. Chuki nyingi ninazoziona katika nyumba za namna hii hazitoki katika kutoamini. Hutoka katika mzigo usiogawanywa vema, nayo maneno ya kutoamini huja baadaye kuhalalisha chuki. Kwa hiyo kumwamini mgonjwa hakukamiliki mpaka mama mkwe, na baba mwenye nyumba, wakae wagawe kazi upya mbele ya wote. Mwenye viungo vyepesi mara nyingi aweza kazi nyingi: kuchambua mchele, kuhesabu fedha za kikundi, kuwafundisha watoto, hata kulima kidogo akipumzika kati. Asiyoyaweza ni kubeba, kukamua nguo nzito, na kurudia jambo moja mchana kutwa. Wanaume watakaposhika ndoo, nusu ya ugomvi itakwisha. Lakini hilo nalo linataka makala yake.

Mgonjwa naye ana wajibu. Hatuwezi kuamini asichotuambia. Wengi hujificha siku wanapoumwa na kuonekana siku nzuri tu, kisha hushangaa kwamba watu huwaona wazima. Aseme mapema, kwa maneno ya kawaida, leo naweza hiki na hiki siwezi. Aache kuonyesha watoto jinsi vidole vyake vinavyopinda. Mchezo huo unaumiza kiungo. Na afanye mazoezi anayofundishwa na mtaalamu wa viungo, yale ya kuipa misuli nguvu polepole, hata kama hayaleti nafuu juma la kwanza. Kiungo kikitoka, kisivutwe na kila mpita njia. Aende hospitali.

Neno moja juu ya maombi. Tuendelee kuwaombea wagonjwa na kuwawekea mikono, kama Kanisa lilivyofanya siku zote. Lakini nimesikia mtu aliyeombewa na kubaki na maumivu akiulizwa, tena mbele za watu, kama anayo dhambi asiyoiungama. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona kwamba maumivu yake ni makuu sana. Siku hizo saba walikuwa rafiki kweli. Mambo yaliharibika walipoanza kutafuta sababu. Naye Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe na haukuondolewa, wala sijasikia mtu akimwuliza imani yake ilipungua wapi.

Kwa hapa kwetu, yako mambo machache ambayo wazee wa kanisa waweza kuyaamua katika kikao chao kijacho. Daftari la zamu liandikwe upya, kila mtu achague kazi aiwezayo, na asiulizwe kwa nini. Katika litania, aketiye aketi. Na kwenye Meza Takatifu, asiyeweza kupiga magoti na asimame mahali pake penye reli, au abaki kwenye benchi na kuinua mkono, naye mhudumu atamletea mkate na kikombe pale pale alipo.