Jumanne: Kiapo cha Petro

Soma Mathayo 26:31–46, 69–75. Petro aliahidi nini? Ni jambo gani aliloagizwa usiku ule ule, naye hakulifanya?

Petro hakuwa mnafiki. Aliposema kwamba yuko tayari kufa pamoja na Bwana, alimaanisha. Hata upanga aliufuta bustanini (Yohana 18:10). Lakini kabla jogoo hajawika alikuwa amekana mara tatu. Nia yake ilikuwa njema, nayo haikutosha.

Tazama jinsi mambo yalivyofuatana. Kule Gethsemane Yesu alimwambia akeshe na kuomba, yeye akalala. Yesu alipokamatwa, Petro alimfuata kwa mbali, kisha akaketi kuota moto katikati ya watu wa upande ule mwingine (Luka 22:54, 55). Kijakazi alipomtambua, Petro hakuwa na kitu cha kushika ila kiapo chake. Alianguka uani, lakini anguko lilianzia bustanini.

Ndivyo zilivyo ahadi zetu nyingi. Tunategemea nia ituokoe dakika ya mwisho, ilhali asubuhi tumeacha sala, na jioni tumekwenda kuketi penye moto ule ule. Mwili umezoea, akili imechoka, marafiki wanakaribisha. Paulo aliijua hali hiyo: kulitaka jema aliweza, kulitenda kukamshinda (Warumi 7:18, 19).

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mchungaji Mwadventista Elman Folkenberg na daktari J. Wayne McFarland walianza kuendesha nchini Marekani Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara. Washiriki walifundishwa kusema kwamba wanachagua kutovuta. Lakini hawakuachiwa maneno hayo peke yake. Walikunywa maji kwa wingi, walitembea baada ya kula, waliepuka kahawa na pombe, walikuwa na mwenzi wa kuwatia moyo, na walihimizwa kumwomba Mungu nguvu.

Je, basi nia haina kazi? Inayo, tena kubwa: kazi yake ni kuchagua. Huchagua nani atutawale, tuketi wapi, na tuombe saa ngapi. Nguvu ya kutimiza hutoka kwa Mungu, ambaye hata kule kutaka ni kazi yake ndani yetu (Wafilipi 2:13). Huu si udhuru wa kukaa bure. Anayemtegemea Mungu huamka kuomba. Anayejitegemea ndiye anayelala.

Yesu alimwombea Petro kabla hajaanguka (Luka 22:32). Baada ya kufufuka, kando ya moto mwingine wa makaa, hakumdai kiapo kipya. Alimuuliza kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo (Yohana 21:9–17).

Ni tabia gani umeahidi mara nyingi kuiacha? Kabla hujaahidi tena, fikiri: “Gethsemane” yako ni saa gani ya siku, na ni nani utakayemwomba akeshe pamoja nawe?